Kompyuta ya Bujiku Isifunikwe Tena

Kwa Mama na Baba, wakuu wa nyumba hii, shikamooni.

Ibada yenu kanisani imekuwa ndefu na basi la kurudi shule halisubiri. Ugali uko kwenye hotipoti. Kompyuta ya marehemu kaka imepona, lakini kwa masharti.

Mama, kile kitambaa ulichoifumia kisirudi juu yake, hata kama redio na televisheni zina vyao. Yale matundu ya nyuma ndiyo pua zake. Ulipoyaziba, ile kadi inayotoa picha ilipata moto, ndiyo maana asubuhi uso wa Bujiku kwenye kioo ulijaa mistari, kisha ukapotea. Ukasema umemzika mara ya pili. Nilikuwa na utani mdomoni, nikaumeza.

Kadi mpya hatuiwezi. Nimetoa vumbi kwa brashi ya viatu, nikaomba feni kuukuu kwa Zakir fundi redio, nikaifunga pale kwa uzi wako wa kufumia. Inanguruma kama mashine ya kusaga. Ikinyamaza, zimeni.

~~Mkiiharibu tena mtajijua.~~ Ikisumbua, mwiteni Zakir.

Picha haikufutika, Mama. Nimeiona mwenyewe. Bado ameshika kofia ya mgodini, bado anajifanya bosi.

Baba, Mama anaogopa kuwasha peke yake. Tangu tulipomzika Bujiku hujaingia chumba kile. Leo ingia, kaa naye.

Kitindamimba wenu,
Asteria