Mteremko wa Maegesho ya Shubra

Mpendwa Shahinaz,

Kosa la wengi wanaochora maegesho ni kuhesabu magari na kusahau kwamba kila anayeshuka garini anakuwa mtembea kwa miguu. Mchoro wako wa zahanati mpya ya hapa Shubra nimeupenda, mwanangu. Njia ni pana na taa zinatosha. Ila uwanja umeuinamisha kuelekea mlangoni, na sisi watu wa Cairo huacha gari bila gia wala breki ya mkono, ili aliyezibiwa njia alisukume apite. Penye mteremko, likisukumwa halisimami.

Mkaza-mjomba wako Enayat anakusalimu, na jamu yako ya tini ameshaifunga. Tangu gari lililosukumwa hivyo ligonge kiti chake cha magurudumu, hataki kutoka. Jana nilimsifia zahanati yako.

“Nenda wewe, mzee, mwenye miguu ya kukimbilia!” akacheka. “Mimi kochi langu halina mteremko.”

Nami nikacheka, lakini hajaonana na daktari tangu majira ya baridi.

Mjomba wako Wagdi, akupendaye, anakuomba hivi: leo, kabla hujaupeleka mchoro, geuza mteremko uelekee ukutani, mbali na mlango.