Alama Kwenye Udongo

Jumapili, 17 Mei

Mpendwa mama mdogo,

Shikamoo. Hali yako? Na miguu, inaendeleaje baada ya kusimama saluni wiki nzima? Mimi mzima, bega tu ndilo linalonikumbusha umri.

Nimefika salama. Kabla hujaniuliza: hapana, bado sijaingia kwenye mashindano yenyewe ya tenisi. Huu ni mchujo. Tunacheza viwanja vya nyuma, na anayeshinda mechi tatu ndiye anayeingia kupambana na wale unaowaona kwenye televisheni. Kila mwaka nimejaribu, kila mwaka nimerudi nyumbani. Nilikuambia safari hii ndiyo ya mwisho, na sijabadili mawazo.

Chumba nachangia na mwanadada mwenzangu, naye mchezaji. Tunamwita Mrefu, maana akilala miguu inatoka nje ya kitanda. Anakoroma, lakini ana roho nzuri. Kila asubuhi yeye ndiye anayenikanda bega.

Niombee.

Mwanao,
Kijiti

Jumatatu, 18 Mei

Kijiti mwanangu,

Marahaba. Huku wazima, miguu imevimba kidogo lakini bado inanibeba. Ujumbe wako ulipoingia nilikuwa napiga pasi nywele za mteja, jicho moja kwenye simu, nusura nimuunguze sikio.

Mteja mwenyewe ni yule mwalimu wa hesabu. Amenieleza tena mnavyohesabu: kumi na tano, thelathini, halafu arobaini. Nikamuuliza, ile tano imeliwa na nani? Akageukia kioo, na mshahara anapokea.

Kuhusu kuacha, uamuzi ni wako. Marehemu mama yako aliponikabidhi wewe hakusema nikulee uwe bingwa. Alisema nikulee. Huyo Mrefu mwambie namshukuru.

Mama mdogo wako

Jumatano, 20 Mei

Mama mdogo, shikamoo. U hali gani? Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Nimeshinda mbili. Mrefu naye kashinda mbili. Kesho ni mimi na yeye, na anayepita ni mmoja. Ratiba tuliisoma pamoja ukutani. Akacheka, kisha akaisoma tena. Hajawahi kufika mbali hivi.

Leo sikutaka kumsumbua na bega langu. Yeye mwenyewe akavuta kiti. "Kaa hapa," akasema. "Sitaki kumshinda mgonjwa."

Mwanao,
Kijiti

Jumatano hiyo hiyo

Marahaba mwanangu. Leo sijui nikuombeeje, maana huyo naye ana wazazi wanaopiga magoti. Nimeomba mtoke uwanjani mkisemeshana. Ila Mungu anajua moyo wangu uko upande gani.

Mama mdogo wako

Ijumaa, 22 Mei

Kijiti, hujambo? Simu ya mwalimu imetuonyesha kwamba ulishinda jana. Tumepiga vigelegele mpaka fundi viatu wa mlango wa pili akaja kuuliza nani anaolewa. Mbona wewe kimya? Unaumwa?

Mama mdogo wako

Ijumaa, jioni

Shikamoo mama mdogo. Siumwi. Nilishindwa kuandika kwa sababu sikujua niseme nimeshinda au nimepewa ushindi.

Seti ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, Mrefu alibakiza pointi moja tu anishinde. Nikapiga mpira, ukaenda kutua pembeni kabisa. Mwamuzi wa mstari akanyoosha mkono: nje. Mwamuzi mkuu akashuka kitini kuangalia alama ambayo mpira huacha kwenye udongo, naye akasema nje. Basi, nikajua yamekwisha. Nikaenda kwenye wavu nimpe mwenzangu mkono.

Hakuja. Alikuwa ameinama.

"Hiyo ni alama ya zamani," alimwambia mwamuzi. "Ya mpira huu ni hii hapa. Umegusa mstari." Kisha akaifuta kwa kiatu na kurudi nafasini kwake. Pointi ikawa yangu, tukaendelea, nikashinda.

Chumbani nilimkuta anakunja nguo. Nikamuuliza kwa nini.

"Niliiona. Ulitaka nijifanye sijaiona?"

Nililia kama mtoto. Akanirushia taulo, akasema ameahirisha safari yake ili anisaidie mazoezi kabla ya mechi ya Jumatatu.

Mwanao,
Kijiti

Jumamosi, 23 Mei

Kijiti, hii isome kwa sauti, na mwenzio akiwepo.

Mrefu mwanangu, hujambo? Mimi ni msusi, mchezo wenu siuelewi. Lakini nimeelewa ulichokuwa nacho mkononi, na nimeelewa ulivyokiachia. Nimewasimulia wateja, mmoja akatoka na nusu kichwa hakijasukwa akampigie simu dada yake aliyenuniana naye. Asante, mama. Wazazi wako wapelekee salamu zangu, waambie nawaonea fahari.

Mama mdogo wenu

Jumatatu, 25 Mei

Mpendwa mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini huko wote wazima. Sisi wazima.

Nimetolewa. Seti mbili kavu, na bingwa yule hakunipa hata nafasi ya kuvuta pumzi. Lakini nimecheza, mama mdogo, kwenye uwanja mkubwa, na nilipopata gemu yangu ya kwanza watu walisimama. Raketi nimezifunga. Sina kinyongo na mtu wala na mchezo.

Kabla ya mechi, dada wa mapokezi aliniuliza kama nina ndugu wa kuketi kwenye viti vya familia. Kule kwenye mchujo viti hivyo havipo, sikuwahi kuulizwa. Nikamjibu, "Ninaye mmoja." Mrefu alikaa peke yake safu nzima, akanipigia makofi hata nilipokosea.

Nimemwomba aje apumzike kwetu kabla ya mashindano yake yanayofuata. Amekubali. Tunafika Alhamisi.

Mwanao,
Kijiti