Nimefukuzwa kwa Kukutania Msibani

Kaka Pazi,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nisipoanza hivyo utasema Mnyamwezi hana adabu hata kwa wafu. Mimi si mzima sana. Nimetumbuliwa kazi, na sababu ni wewe.

Si ulikuwa unasema, "Maganga, ukitangulia wewe nitakuvua viatu uzikwe peku"? Basi umetangulia wewe, Mzaramo, na mtani wako nikafanya kazi yangu. Nilivaa ovaroli yako ya kampuni, nikajaza mto tumboni, nikatembea vile ulivyokuwa unatembea pale ghalani Gerezani, kama bandari nzima ni ya babu yako. Wanawake waliokuwa wanalia wakacheka. Shangazi yako akanikimbiza na mwiko. Msiba wote ulinitazama mimi, nani kama mimi?

Akaja yule bosi mpya wa utumishi na rambirambi. Nikalala mlangoni. Nikamwambia hapiti mpaka alipe, maana marehemu amekufa anasubiri kupandishwa cheo. Watu hoi. Yeye hakucheka, kwao hawana utani wa hivyo. Mtu akarekodi, klipu ikazunguka kwenye magrupu ya kampuni yote. Narudi kazini, mlinzi ananiambia, "Dogo, huruhusiwi kuingia." Nikaletewa barua pale pale getini: nimeidhalilisha kampuni na sare yake. Hata kuitwa nijieleze, hakuna.

Halafu yule bosi akanipigia, sauti laini. Niandike kwamba nimeacha kazi mwenyewe, nitalipwa haraka, na nitasifiwa nikitafuta kazi kwingine. Nilitaka kusaini, Kaka. Si kwa njaa, kwa wivu. Maana nisiposaini ilibidi niende kwa Hamisi. Ndiye aliyechaguliwa kukaa kwenye kiti chako, mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi.

Hapo nina ugomvi na wewe. Kwa nini yeye? Mimi ndiye niliyekuchekesha mpaka ukakaa chini. Lakini mchana mkikaa na Hamisi juu ya magunia, unamfundisha sheria za kazi, nikisogea unasema, "Maganga, kalete chai." Nimekuletea chai nyingi kweli. Siku ya kukuzika yeye akashika jeneza mbele, watu wanampa pole kama mwanao. Mimi nani? Kichekesho. Iliniuma. Bado inaniuma, sikufichi.

Nilienda kwake Buguruni nimenuna. Akaisoma barua, akasema, "Usisaini kitu. Ukisaini umejifukuza mwenyewe, utamdai nani?" Akanieleza njia zilizopo. Naweza kukata rufaa humo humo kwenye kampuni, ila aliyenifukuza ndiye atakayenisikiliza. Au twende tume ya usuluhishi, na ni lazima tupeleke malalamiko ndani ya siku thelathini, zikipita tunaanza kuomba tusamehewe kuchelewa. Kule watatukalisha tupatane. Ikishindikana anaamua mwamuzi, naye akiona nimeonewa anaweza kuamuru nirudishwe kazini au nilipwe fidia. Akasema tutawabana hapo hapo waliponifukuza bila kunisikiliza. Na kuhusu utani, ikifika kwa mwamuzi, shangazi yako yuko tayari kutoa ushahidi. Eti mtani angekaa kimya, hapo ndipo yeye angeona ametukanwa.

Nilimsikiliza huku nasaga meno. Anaongea kama wewe, Kaka, hata mkono anaupeleka vile vile.

Nikamwambia, "Wewe ndiye ulikuwa mtoto wake."

Akacheka kidogo. "Nilipokuona na ile ovaroli nilitaka nikupige. Mimi nilibeba jeneza sikumwona. Wewe ulipita mara moja tu uani, kila mtu akamwona."

Nikainuka, nikammiminia chai bila kutumwa. Mimi. Ungeshangaa.

Malalamiko tumeshapeleka, na kesho tunaenda tume. Hamisi ameniomba kitu kimoja: nisiigize bosi mbele ya bosi. Nimekubali. Nitavaa shati la kuchomekea, nitajibu nikiulizwa tu. Kwangu hiyo ni adhabu, unajua.

Lala vizuri, Mzaramo. Mungu akupe nafasi pana, tumbo lile linahitaji. Na mimi nakuahidi hivi: Hamisi akinirudisha ghalani, nitamshukuru mbele ya watu wote. Uchaguzi ukija nagombea kile kiti chako, na kabla hujauliza, ndiyo, nitamwomba anifundishe.

Mtani wako,
Maganga