Mia Tano na Hamsini

Dada yangu mkubwa,

Kabla hata sijakusalimu, nikwambie kwamba mdogo wako nina bahati ya kuonewa wivu. Wenzangu ofisini wanasema nikikanyaga tope natoka na viatu vipya. Hivi karibuni tu nimetia mkono kwenye mambo ya seva, na wakubwa wa mtandao wakanipa, ndani ya saa moja, kitu ambacho makampuni yenye maghorofa hukisubiri wiki nzima. Hiyo ndiyo habari kubwa. Sasa shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, maana umepiga simu mara sita na sikupokea hata moja. Sikuwa mgonjwa. Sababu iko humu humu, endelea kusoma.

Cherehani yako inaendeleaje? Shemeji na mgongo wake je? Na Mama? Barua yako imefika Jumanne na nimeisoma mara nne. Umeniandikia kwamba sasa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, na kwamba kutoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika mara mbili. Umesema ule mkoba wa kijani ameupanga mwenyewe: taulo, sabuni, gauni jipya la kulalia ulilomshonea, na kila simu yako ikilia anauliza kama ni watu wa kliniki ya moyo. Daktari wa huko amekwambia valvu ya moyo imechoka, mwaka mwingine tusiutegemee. Halafu mwishoni ukaniuliza jambo moja tu, kwamba mimi ninayekaa mitaa miwili kutoka kliniki, nikakuulizie kwa nini zamu yake haijaitwa.

Nitakujibu. Nivumilie nianzie mbali, unajua mimi nikikatizwa napoteza njia, na hamkuniita Redio bure.

Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la miwani. Meza nne, na feni inayogeuza shingo kama mtu anayetafuta umbea. Bosi tunamwita Injinia, ingawa balbu ikiungua huwa anaita mtu. Fundi wetu ni binti msomi, tunamwita Kimya. Mimi ni mtu wa wateja, yaani mtu wa mdomo. Kazi yetu ni kutunza barua pepe za wateja kwenye seva. Seva yenyewe si yetu, tumeikodi, iko kwenye kile wanachokiita wingu. Siku ya kwanza nilipoambiwa hivyo nilitazama juu dirishani, Kimya akanieleza taratibu kwamba wingu ni chumba cha watu wengine huko mbali, chenye baridi kali na mashine nyingi. Nikamwambia nilikuwa najua, namjaribu tu.

Sasa seva ina anwani yake. Wanaiita IP, ni tarakimu tu zenye nukta katikati. Barua ikitoka kwetu, kule inakokwenda hutazamwa kwanza imetoka anwani gani, kama wewe unavyochungulia dirishani kabla hujafungua mlango. Na sisi wateja wote tulikuwa tumewapitisha kwenye anwani moja: kliniki ya moyo, muuza sare za shule, na bwana mmoja wa chai ya kupunguza tumbo. Huyu wa chai ndiye balaa. Asubuhi mpaka jioni anawaandikia watu habari za matumbo yao, watu wasiomjua wala hawajamuuliza. Wapokeaji wakachoka, wakaanza kuitilia shaka anwani nzima. Katibu wa kliniki, mama mmoja mpole sana, akapiga simu kulalamika kwamba barua nyingine za wagonjwa zinaangukia kwenye takataka. Injinia akaamua tuombe anwani ya ziada, ili kliniki iwe na mlango wake peke yake.

Anwani hizo siku hizi ni adimu, hupewi mpaka ujaze fomu ya kujieleza: unataka ngapi, za nini, utatuma barua ngapi kwa siku. Nikapewa mimi nijaze kwa kuwa ndimi mwenye maneno. Kimya akaniambia niandike kama ilivyo, anwani moja, ya kliniki, barua kama mia mbili kwa siku. Nikamcheka. Nikamwambia elimu anayo ila soko halijui, kwamba mtu akiomba moja anapewa nusu. Nikaandika tunataka nane. Nikaandika tunatuma barua laki mbili kila siku, na kwamba sisi ni kampuni kubwa yenye matawi. Nilitegemea watanishusha. Wangesema mbili, mimi ningesema nne, tungeachana kwa kucheka kama wewe na yule muuza vitambaa wako.

Dada, fomu haijui kupatana.

Baada ya saa moja zikaja zote nane. Nilizunguka meza zote nne nikijipongeza, na Injinia akaniachia kiti chake nikakalie dakika tano. Nikakupigia simu siku hiyo hiyo, utakumbuka, nikakwambia ndugu yako ana anwani nane, ukaniuliza mtu mmoja asiye na mke anwani nane za nini. Tulicheka mpaka Mama akakunyang'anya simu akaniombea dua.

Kimya hakucheka. Alisema hizi si mpya, zilikuwa na wapangaji kabla yetu, tuzikague moja moja tujue ziliachwaje. Nikamjibu aache woga wa wasomi. Nikamwambia Injinia anataka kazi leo, jambo ambalo Injinia hakulisema. Basi siku hiyo, Jumanne ya kabla hujaniandikia, Kimya akaihamishia kliniki kwenye anwani mpya. Yeye alikuwa anakwenda kwenye mitihani yake siku tatu. Akaniomba kitu kimoja: kila asubuhi nifungue ukurasa wa barua zilizotumwa, na nikiona chochote chekundu nimpigie, hata akiwa ndani ya chumba cha mtihani.

Jumatano kliniki ikatuma barua za wito. Wale madaktari wageni wa kupasua moyo huja mara moja kwa mwaka, na anayeitwa ana mpaka Jumamosi adhuhuri kujibu. Asiyejibu, nafasi yake huenda kwa anayefuata. Nikafungua ukurasa. Ulikuwa mwekundu juu mpaka chini, kwa Kiingereza cha mashine, na kila mstari ulianza na tarakimu zile zile, 550. Sikuelewa kitu. Shule yangu unaijua, niliishia pale nilipoishia, na wewe ndiye uliyekuwa unanifanyia hesabu. Nikaona aibu kumpigia binti wa miaka ishirini na tatu nimwambie sijui kusoma kilicho mbele yangu. Nikajitafsiria mwenyewe kwamba barua mia tano na hamsini zimefika. Na nyekundu, nikasema, labda ndiyo rangi yao ya furaha. Injinia nikamtangazia mia tano na hamsini, akanipiga bega. Hatukujiuliza kliniki inayoita wagonjwa arobaini imetuma barua mia tano kwa nani. Alhamisi mia tano na hamsini. Ijumaa mia tano na hamsini. Nilishangaa kidogo kwamba hazipungui wala haziongezeki.

Jumatatu saa mbili asubuhi Kimya akarudi, akafungua ukurasa, akajiziba mdomo. Akanieleza kwamba mia tano na hamsini si hesabu ya chochote. Ni jibu la mlangoni. Maana yake: hatukupokei, rudi ulikotoka. Barua zilikuwa arobaini. Tisa zilipenya. Thelathini na moja zilifukuzwa. Baadaye wenye wingu walitujibu kwamba anayejaza fomu kuwa anatuma laki mbili kwa siku hupangwa pamoja na watangazaji, na kwamba zile nane ziliachwa na watu wa kelele kuliko hata bwana wa chai. Niliomba ukubwa, nikarithi jina baya la watu nisiowajua.

Ilipofika saa tatu Kimya alikuwa ameshairudisha kliniki kwenye anwani ya zamani, ambayo angalau ilikuwa inapenya. Akaniambia nimpigie katibu sasa hivi, nimwambie maneno machache tu: barua thelathini na moja hazikufika, usiite wengine.

Haya yanayofuata sijamwandikia mtu mwingine. Nilitoka na simu nikasimama kwenye ngazi. Katibu alipokea kwa furaha. Alinishukuru, akasema tangu kliniki ifunguliwe hajahudumiwa hivi, eti namheshimisha. Kisha akasema anashangaa wagonjwa wengi hawajajibu, akaniuliza kama kweli zile barua zilifika. Aliniuliza, Dada. Alinifungulia mlango mwenyewe, mimi nilichotakiwa ni kuingia tu. Nikamjibu kwamba zimefika zote, barua zetu sisi hazipotei. Nilipiga hesabu kwamba nitarudi ndani, nizitume upya kimyakimya kwa nusu saa, na hakuna atakayeaibika. Akasema kama ni hivyo basi wasiojibu hawana haja, na saa nne akawaita waliofuata. Safari hii barua zilifika.

Nikaketi nizitume upya, moja moja. Mstari wa kumi na tisa ulikuwa anwani yako ya barua pepe, ile niliyokufungulia mimi kwenye simu yako nikajisifu kwa wiki nzima. Ndani yake jina la Mama, majina yote matatu, tarehe ya kulazwa, na maneno kwamba aje na taulo, sabuni na nguo ya kulalia.

Zamu yake iliitwa, Dada. Hilo ndilo jibu lako.

Nilikimbia mpaka kliniki bila koti. Kufika saa tano na nusu nafasi zilikuwa zimejaa, maana mtu anayesubiri moyo hajibu kesho. Nikamwambia katibu kila kitu nikiwa nimesimama, watu kwenye benchi wakisikia. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akasema waliokwisha kuitwa hawezi kuwafukuza, na mwakani Mama atakuwa wa kwanza. Nikalirudia neno lile, mwakani, kisha nikatoka. Nilikwenda pia hospitali kuu, nikakaa siku mbili kwenye korido. Wakanijibu kwamba upasuaji huo hawaufanyi, nao huwangoja wageni hao hao.

Niliendelea kwenda kliniki kila siku, sijui kwa nini. Alhamisi iliyopita nilimkuta mzee mmoja fundi saa anatoka, ameshonwa kifuani, anapumua kama mtoto aliyelala. Aliitwa Jumatatu ile saa nne. Nilijitahidi nimchukie nikashindwa, alikuwa anamchekea kila nesi. Nikambebea mkoba wake mpaka kwenye gari. Akaniambia wazazi wangu walizaa mtu mwema. Madaktari waliondoka siku iliyofuata. Na barua zile nyingine thelathini zilikuwa na wenyewe, Dada, nao wana mikoba yao imepangwa mahali.

Injinia nimemwambia niliyoyasema ngazini. Hajanifukuza bado, anapita tu mezani kwangu bila kunitazama. Zile anwani nane tumezirudisha. Kimya alinisaidia kujaza fomu, na mahali pa sababu akaniachia niandike mwenyewe.

Usimsomee Mama barua hii. Jumamosi nitakuja, nitamwambia kwa mdomo wangu, mbele yako, na ukitaka kunipiga kwa ubao wa kupimia nguo utanipiga. Mkoba uuache pale ulipo. Na kuna jambo moja nalo ulijue, ingawa nadhani unalijua: nilimwambia Mama kwenye simu kwamba ni mimi niliyemwingiza kwenye orodha, kwa kuwa najuana na daktari mkuu. Simjui daktari yeyote. Wewe ndiye uliyesafiri naye, ukasimama foleni siku mbili.

Nisalimie Shemeji, mwambie asinyanyue kitu kizito. Wasalimie wanao, na jirani yako wa mkono wa kushoto anayenidai hadithi. Mama mpe pole, umbusu mkono, mwambie tu nakuja.

Pale juu nilipoanza nilikwambia nina bahati. Ni uongo. Sina, sijawahi kuwa nayo, na kidogo alichokuwa nacho Mama nimekipoteza mimi.

Mdogo wako,
Redio