Asiimwe ameuona mdomo wangu

Jumanne usiku.

Ni kifua kikuu kweli. Makohozi nimepeleka asubuhi, mchana mashine imeshajibu. Nesi kasema imeonyesha dawa za kawaida zitaniponya. Nimemshukuru Mungu.

Lakini mwanangu Asiimwe. Namnyonyesha na barakoa, naye anaivuta anatafuta mdomo wangu. Sijambusu siku nyingi. Sijui kama anadhani nimemnunia...

Jioni alilia sana. Mama mkwe akambeba, akasimama naye mlangoni.

"Mama Asiimwe, kaa huko huko kwenye migomba, uvue hicho kitambaa mtoto akuone!"

Nikavua, nikamchekea. Akanyamaza, akanitazama, kisha akacheka, mikono yote ameninyooshea.

Sikumsogelea. Nikaivaa tena.

Dawa naanza kesho. Zifanye haraka tu.