Nililitafuta Neno "Hakuna"

Kaka yangu,

Sisi tupo, na ule mlango wa uani uliokuwa ukipiga kelele Baba ameutengeneza. Mimi nimepata kazi ya muda hospitalini, kwenye chumba cha kumbukumbu za wagonjwa. Nikirudi Baba hunitania: "Mtu wa kompyuta, hebu nitafutie miwani yangu basi!"

Kazi yenyewe ni hii. Daktari akitaka wagonjwa wa aina fulani, naandika maneno mawili, na kompyuta inatoa kila faili ambamo maneno hayo yamekaribiana. Juzi alitaka "uvimbe" na "ini", yasitengane kwa zaidi ya maneno matano. Lakini mashine haielewi inachosoma, Kaka. Hata palipoandikwa "hakuna uvimbe kwenye ini" inaleta tu, na mimi ndiye ninayesoma na kuyaondoa mafaili kama hayo.

Likatokea faili la Baba. Tarehe ni ya siku ile aliyotuaga kwamba anampelekea mteja kabati.

Nililitafuta neno "hakuna". Niliirudia ile sentensi yenye "uvimbe" na "ini" mpaka bosi wangu akauliza, "Binti, mbona umeganda?"

Halikuwepo.

Tumekatazwa kutoa siri za wagonjwa, hata kwa mama zetu. Mama hajui kitu. Baba hajui kwamba najua. Jana alinikatia kipande kikubwa cha mkate akisema nimekonda, nikakila chote mbele yake.

Sijui nifanye nini. Hata kukuandikia wewe ni kosa. Njoo nyumbani, Kaka, na ukifika useme umetukumbuka tu.

Mdogo wako