Transista Zilizokaa Kinyume

Jumatatu, 4 Agosti

Barua za asubuhi, mihuri, chai. Kisha Mama Mhina, mkuu wetu wa masjala, akasimama mbele ya meza yangu.

"Binti, muziki wa harusi ya mwanangu nimempa baba yako mdogo. Nasikia volyumu yake inapiga bunduki."

Nikajisikia nikijibu kwamba naitengenezea mpya, isiyokwaruza. Nusu uongo. Nina mchoro tu. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, hapahapa Chanika, Handeni. Nimegonga muhuri kichwa chini. Nikikosea, nitakosea mbele ya ukoo mzima wa bosi wangu.

Jumatano, 6 Agosti

Nijieleze mwenyewe, nitulie. Volyumu ya zamani ni ya kuzungusha. Imechakaa ndani. Ukiigusa inakwaruza, au sauti inaruka juu ghafla. Na harusini haipumziki: wakati wa kutunza, mshereheshaji anaita ukoo, muziki unashushwa, ukoo unakuja na zawadi ukicheza, muziki unapandishwa. Shusha, pandisha, mpaka khanga ya mwisho. Kwenye harusi moja kule Kerenge iliruka katikati ya dua. Tangu siku hiyo baba mdogo anaitwa Bomu.

Yangu ina vitufe viwili, juu na chini. Sauti inapanda ngazi kwa ngazi. Kila ngazi ina rezista yake ya kupunguza umeme wa sauti, na transista ya kuiunganisha au kuikata. Hakuna kinachosuguana. Kwenye karatasi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, ofisi imefungwa. Nimeshinda Korogwe, Manundu, stoo kwa baba mdogo. Nimeunganisha bodi yangu ya vitufe kwenye priampu yake, kile kikuza sauti cha mwanzo. Inapanda. Inashuka. Lakini kila ngazi spika inasema ta! Kubwa, kavu.

"Mwanangu," akasema, "nilikuwa na bomu moja. Wewe umeniletea bunduki ya rashasha."

Nimecheka naye. Kisha nimekwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeongeza kapasita ili transista ziwake polepole. Mlio umepungua, haujaisha. Kwa haraka nimeunguza transista kadhaa kwa solda. Fundi redio wa Manundu hana za aina ile. Ana za namba nyingine, umbo lilelile. Nimechukua za kutosha bodi nzima. Nimerudi Handeni nikiwa na bodi mapajani.

Jumatano, 13 Agosti

Nimetoka kazini, nimebadilisha zote, nimevaa hedifoni. Juu. Chini. Juu.

Kimya! Muziki unapanda na hakuna ta. Nimedhani nimekuwa kiziwi.

Halafu nikatazama miguu. Transista hizi mpya zina miguu iliyopangwa kinyume na zile za kwanza, wa kulia uko kushoto. Mimi nimezipachika zikitazama upande uleule. Mguu wa kolekta, umeme unapoingilia, umekaa pa emita, unapotokea; na emita pa kolekta. Zote! Mimi, ninayesoma jina la faili mara tatu kabla ya kuliweka kabatini.

Nimegeuza moja ikae sawasawa. Ta! Nimeirudisha kinyume. Kimya.

Inafanya kazi na sijui kwa nini. Hilo linanitisha kuliko mlio.

Ijumaa, 15 Agosti

Najua! Nimesoma mpaka nimeelewa. Transista ikiwaka huacha umeme kidogo kwenye njia ya sauti, na huo ndio mlio. Ikikaa kinyume huacha mdogo mno, karibu hakuna. Ila ikikaa hivyo huwa mvivu, hudai msukumo mkubwa zaidi wa kuiwasha. Nimebadilisha rezista za kuziwasha, sasa zinapata msukumo wa kutosha. Wapo mafundi wanaofanya hivi kwa kukusudia. Mimi nimeingia kwa mlango wa uani, lakini nimo ndani.

Nimempigia baba mdogo. Akasema, "Kumbe! Basi na mimi nigeuze, niache kelele."

Jumamosi, 16 Agosti

Baba mdogo mwenyewe amenikalisha kwenye meza ya mitambo. "Kitu chako, kidole chako." Nikaweka kidole kwenye kitufe cha chini.

Dua. Nikabonyeza chini, chini, chini. Muziki ukazama bila kugusa chochote. Sauti ya shehe ikabaki peke yake, safi. Nikapumua.

Kisha kutunza. Ukoo wa baba, ukoo wa mama, majirani, ofisi yetu. Juu, chini, juu. Hakuna ta hata moja. Bibi mmoja akampigia kelele baba mdogo: "We Bomu! Leo umelowa maji?" Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote.

Mama Mhina alikuja akicheza, khanga begani, akasimama mbele ya meza yangu. Nikainuka. Shikamoo.

"Marahaba. Binti, nimetega sikio tangu mchana. Sijasikia kitu."

Sijasikia kitu! Nimeshinda. Nimeshinda kabisa.

Jumapili, 17 Agosti

Baba mdogo amerudi Korogwe na mashine yake. Ameniachia volyumu ya zamani. Nimeiweka dirishani. Asubuhi nimeizungusha mpaka mwisho, nikairudisha. Haijaunganishwa na chochote. Haikukwaruza.

Nimepiga pasi nguo za kesho.